Nguzo Iliyopimwa Kutoka Juu

Profesa Augustine alikuwa hajakanyaga mawe ya maporomoko ya Wagenia kwa miaka mitatu, na msiniulize kwa nini, maana jibu lenyewe linatia aibu: mikutano. Leo Kinshasa, kesho Bangui, keshokutwa Brazzaville, beji shingoni na chupa ndogo ya maji mezani. Mwanamke aliyezaliwa hatua hamsini tu kutoka maporomoko, binti wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi, ndiye aliyekuwa mkuu wa wataalamu wa Kamati ya Maji ya Bonde, na mto wenyewe siku hizi alikuwa akiuona kwenye dirisha la ndege.

Alhamisi ile akateremka. Cathy, fundi wake wa vipimo, alikuwa amemsumbua mwaka mzima na karatasi zake. "Madame, satelaiti inasema mai iko juu kupita namba yetu. Karibu nusu metre." Na kila mara Augustine alimjibu kwamba satelaiti hubabaishwa na povu la maporomoko, kwamba apunguze kuamini mashine. Alimjibu hivyo mara nyingi hata mwenyewe akaamini. Lakini Jumamosi mawaziri wangekuja Kisangani kutia saini, na hakutaka mtu amuulize mbele ya kamera swali asilokuwa na jibu lake. Akavaa buti, akaenda.

Hiyo "namba yetu" ilitoka kwa mtu mmoja tu, tonton Nephtali, mdogo wake marehemu baba yake Augustine. Kwa miaka ishirini na saba mzee huyu alisoma kimo cha mto kila asubuhi saa kumi na mbili, akakiandika katika daftari, akakituma kamati kwa simu. Zamani alisoma kwenye kipimo cha chuma kilichopigiliwa mwambani. Kisha gogo likakigonga kikalegea, na Nephtali, kwa kuwa hakuwa mjinga, akachonga alama zile zile kwenye nguzo ya jirani, mojawapo ya zile nguzo kubwa ambazo wavuvi wa Wagenia husimamisha katika matundu ya mwamba ili kufungia migono yao ya samaki. Alifanya vizuri. Mwezi uliofuata mto ukabeba chuma. Barua ya kuomba kingine ilitumwa, ikajibiwa kwamba imepokelewa, na mpaka leo bado imepokelewa.

Namba hiyo si mchezo. Chini ya mji kuna kartie, mtaa wa watu wengi, inayoitwa Libulu, yaani shimo, na kweli ni shimo. Upande wa mto ina tuta zuri, watu hukaa juu yake jioni wakila mahindi ya kuchoma. Hatari ya Libulu haitoki mbele. Mto ukifika mita saba na sentimita themanini, kijito kilicho nyuma ya kartie hukosa pa kumwagia, hugeuka, hurudi na maji ya mto mkubwa, na kukata njia ya pekee ya kutokea. Augustine ndiye aliyegundua jambo hilo, akiwa bado kijana mwenye kalamu sikioni. Ndiye aliyeweka kanuni: namba ikifika saba na nusu, redio inatangaza, Libulu inahama. Mara mbili kanuni ile iliokoa watu, na ndiyo iliyompandisha hadi juu. Jumamosi majimbo manne na nchi tatu zingetia saini kuifuata katika kila bandari ya bonde. Kazi ya miaka kumi na miwili.

Asubuhi ile nguzo ilisoma saba na sentimita ishirini na moja. Hakuna shida, ungesema.

Augustine alisimama kwenye mwamba, maji yakivuma hata ilibidi mtu apaze sauti. Aliangalia nguzo. Akaangalia tundu la chuma kilichong'oka, lenye kutu pembeni, ambalo huwezi kulisahau ukisoma kipimo kile miaka kumi. Alijua tundu lile lilikuwa usawa wa mita nane. Akalinganisha na alama ya mita nane kwenye nguzo. Alama ilikuwa juu zaidi, mkono mzima kasoro vidole.

"Nguzo hii ni ya zamani?" aliuliza.

"Hapana, yaya," alijibu Ruffin, mtoto mkubwa wa Nephtali, aliyemwita yaya kwa maana ya dada mkubwa, mvuvi wa miaka thelathini na kitu, kifua wazi, kamba begani. "Ile ya zamani ilioza. Niliweka hii, sasa inafika miaka tatu. Nilichonga alama zote sawasawa, hata moja haikukosa."

"Ulizipima kutoka wapi?"

Ruffin alimshangaa kama aliyeulizwa jua hutokea upande gani. "Kutoka juu, yaya. Nguzo banapimaka kutoka juu."

Ee Mungu wangu. Kutoka juu! Na bila shaka kutoka juu, mvuvi angepima kutoka wapi tena? Juu ndiko kamba za migono zinakofungwa, juu ndiko kwenye kazi. Chini ya nguzo ni tundu na giza, nani anajali kuna nini? Augustine mwenyewe alifundishwa hivyo na baba yake, kwa mkono, akiwa na miaka sita, papo hapo kwenye mawe yale. Mzungu angekosea kingine. Kosa hili lilikuwa la nyumbani kabisa, na mtu pekee duniani aliyejua mto kwa vitabu na kwa kamba, ambaye angeliona kwa kutupa jicho mara moja tu, alikuwa Bangui mkutanoni.

"Na hii ni refu kupita ile?"

"Kidogo. Tulipata muti muzuri."

Walipima. Sentimita arobaini na mbili, na kila alama ilikuwa imepanda kiasi hicho hicho. Basi mto haukuwa saba na ishirini na moja. Ulikuwa saba na sitini na tatu. Libulu ilitakiwa iwe imeshahama tangu juzi.

Tonton Nephtali alikuwa amesimama pale muda wote, daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki unaoning'inia shingoni. Alikuwa na miaka sabini na moja na hakuhitaji kuelezwa hesabu ya kujumlisha.

"Miaka tatu," alisema. "Miye nilisoma bongo miaka tatu, namba ya uongo."

"Si kosa lako, tonton."

"Hatutafute kosa sasa. Augustine, batu bako kule chini. Ita redio."

"Naenda ofisini sasa hivi," alisema Augustine, na siku ile alipolisema neno hilo alikuwa analimaanisha. Hilo nitamtetea. Alipanda pikipiki kwa haraka hata buti moja ikabaki na tope hadi goti, akaenda moja kwa moja Makiso, katikati ya mji.

Ofisini alimkuta Jean-Paul, katibu wa kamati, mtu msafi, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akipanga majina ya mawaziri kwenye viti. Alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza hata mara moja, na watu wa namna hiyo ndio wa kuogopwa.

"Bon," alisema. "Tukitangaza leo, kesho banaandika kama Kisangani haijue kusoma nguzo yake yenyewe. Jumamosi hakuna waziri anatia saini. Na bandari zingine zote zinabaki bila kanuni. Ni sawa, madame?"

"Kuna watu Libulu, Jean-Paul."

"Njo hicho naulizaka. Mai inafika saba na themanini siku gani?"

Akamuuliza hesabu. Angemuuliza jambo la dini ama la huruma, angeshindwa. Lakini alimpa hesabu, na Augustine, masikini, akaketi kuipiga. Maji yalikuwa yakipanda sentimita sita kwa siku. Kutoka sitini na tatu hadi themanini ni kumi na saba. Siku karibu tatu. Jumapili asubuhi.

"Donc Jumamosi saa nane saini imekwisha," alisema Jean-Paul, "saa tisa redio inatangaza, mangaribi kila mutu iko kwa mulima. Hakuna anayekufa. Na kanuni yako inaishi."

Augustine aliirudia hesabu. Nje waendesha toleka walikuwa wakipiga kengele za baiskeli zao wakigombea abiria. Alifikiri juu ya bandari zote zile za chini, Yanonge, Isangi, watu wengi kuliko wa Libulu, ambao hawangepata kanuni kama saini ingekwama. Yote hayo yalikuwa kweli. Pia alifikiri juu ya jina lake kwenye karatasi ile, na hilo hakujiambia. Kisha akachukua simu, akampigia tonton wake.

"Tonton, ngoja Jumamosi mangaribi. Usiseme kwa mtu. Nimepiga hesabu."

Upande wa pili maporomoko yalivuma.

"Weye njo professeur," alisema Nephtali, akakata.

Ijumaa mvua ilinyesha upande wa juu wa mto. Kisangani wala haikunyesha, wingu tu lililokaa mbali. Augustine aliliona akiwa kwenye ngazi za hoteli, mikononi ana hotuba yenye kurasa kumi na moja. Aliliona, akalijua, akaingia ndani. Saa tisa mchana simu ililia. Alikuwa Mamie, mdogo wake wa tumbo moja, muuza pondu, yaani kisamvu, anayekaa Libulu nyumba ya nne kutoka kijito.

"Yaya, tonton Nephtali iko anapita nyumba kwa nyumba. Anasema tutoke, mai itatoka nyuma. Batu banamucheka, banasema muzee anachanganyikiwa, redio haiseme kitu. Miye nasema nikuulize weye. Tutoke ao tubakie?"

Sasa, hapo. Naomba mtazame hapo. Hakuna waziri mle chumbani, hakuna Jean-Paul, hakuna kamera. Ni yeye na mdogo wake tu. Angeweza kusema neno moja fupi, na Mamie angefunga mzigo wake, na majirani wakimwona dada wa profesa anafunga mzigo wangefunga yao. Akafikiri: nikimwambia Mamie, ndani ya saa moja mji mzima unajua.

"Tonton amezeeka, Mamie," alisema. "Ngojeni redio."

"Njo nilibaambia," alisema Mamie kwa furaha. "Nilisema yaya yangu angetuambia." Akamuuliza kama anakula vizuri huko hotelini, akaagana naye.

Jumamosi saa nne asubuhi, waziri wa tatu alikuwa akisoma hotuba, ndipo kelele ziliposikika barabarani. Mwanzoni walidhani ni watu wanashangilia. Kisha Cathy akaingia kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi, akilia waziwazi mbele ya wakubwa wote wale. Kijito kilikuwa kimegeuka tangu saa tatu. Hakikuja kwa kishindo. Kilijaa tu, haraka, kwanza njia, kisha vizingiti, kisha madirisha, na watu wengi walikuwa wamekimbilia juu ya tuta wakitazama mto mbele yao ulivyotulia, wasielewe kwa nini nyumba zao nyuma yao zinazama. Tuta lenyewe likalowa pande zote mbili, likamong'onyoka.

Nephtali alikuwa tayari na pirogi, mtumbwi wake wa kuvulia. Alikuwa ameisogeza nyuma ya Libulu mara tu alipokwisha kusoma nguzo asubuhi, akaifunga kwenye mti, akakaa ndani yake akingoja, na vijana waliopita walimtania wakamuuliza anavua nini humo kijitoni. Safari ya kwanza alitoa kina mama sita na watoto wao. Safari ya pili alimtoa Mamie na majirani zake wa uani. Ruffin alipofika na pirogi nyingine alimwambia baba yake apumzike. Mzee akasema kuna waliobaki juu ya paa la kanisa, akageuka. Bati la nyumba nzima, na mbao zake, lilikuja na maji likampiga ubavuni. Hadi jioni walikuwa wameokota maiti kumi na moja. Yeye alikuwa wa saba kupatikana, mfuko wa plastiki bado shingoni.

Saini ilitiwa, mkitaka kujua. Saa kumi, katika chumba kidogo, bila kamera.

Matanga yalifanyika Jumatatu mchana kule Wagenia, mahali pa juu, chini ya turubai la buluu lililofungwa kwenye nguzo za kuvulia. Kama ilivyo desturi, wanawake wa familia walikaa chini kwenye mkeka karibu na jeneza, vichwa vimefungwa vitambaa vyeusi, na Augustine alikuwa katikati yao, bega kwa bega na Mamie, aliyekuwa amemshika mkono tangu asubuhi asiuachie. Wageni walikuwa kwenye viti vya plastiki. Viti vya mbele vilikuwa vya kamati.

Jean-Paul alisimama akasema maneno. Alisema maji yalikuja ghafla, mvua ya juu, mambo ya Mungu. Alisema hakuna aliyejua. Alisema bila kazi ya Profesa Augustine wangekufa mamia, na watu wakaitika, amina, kwa moyo, hata waliofiwa. Mama mmoja aliyezika watoto wawili jana yake alinyanyua mkono kumbariki. Augustine aliona mkono ule umeinuliwa kwake na akatamani ardhi immeze.

"Yaya asome cahier," alisema Mamie. "Tonton aliandika maisha yake yote humo. Asome yeye, tonton njo alimusomesha kwa samaki zake."

Ruffin akalileta daftari. Plastiki ilikuwa imelinda karatasi, kingo tu zilikuwa zimelowa. Augustine alifungua ukurasa wa mwisho uliokuwa na maandishi, ule mwandiko mnene wa kalamu ya bluu. Kila mstari ulikuwa na tarehe, namba, na mwishoni nafasi ya maelezo, ambako mzee kwa miaka ishirini na saba aliandika neno lile lile: hakuna kitu. Akaanza kusoma kwa sauti. Jumatano, saba na kumi na tano, hakuna kitu. Watu wengine walitabasamu katikati ya machozi.

Alhamisi namba ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni imeandikwa saba sitini na tatu. Ijumaa vivyo hivyo, saba sitini na tisa. Jumamosi saa kumi na mbili, saba sabini na sita. Jumamosi saa tatu, saa ambayo kijito kiligeuka mbele ya macho yake, saba themanini. Na mbele ya namba hiyo, katika nafasi ya maelezo, safari hii kulikuwa na maneno.

Angeweza kuyaruka. Nani angejua? Wengi wa pale hawakuwa na miwani, na Ruffin alikuwa ameinamisha kichwa. Aliona kiti cha Jean-Paul kikisogea kidogo.

"'Nilibaambia,'" alisoma. "'Hapana kusikia. Banangojea Augustine.'"

Maporomoko yalivuma.

Mkono wa Mamie ulikuwa bado ndani ya wake. Mamie hakuinua sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hana nia ya kununua.

"Namba ile ya Alhamisi, aliikata siku gani?"

"Siku ile ile. Alhamisi."

"Na weye ulijua siku gani?"

"Alhamisi," alisema Augustine. "Nilikuwa naye. Nilimwambia anyamaze mpaka watie saini." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akasema yote, hesabu, Jumapili asubuhi, wingu, yote, akiangalia daftari tu. Yule mama wa watoto wawili alikuwa ameuinua mkono tena wakati wa kusoma. Aliushusha polepole akauweka mapajani.

"Miye nilikupigia Ijumaa," alisema Mamie.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza. Ukaniambia tonton anazeeka. Nikatoka mbio inje, nikabaambia batu wa Libulu babakie. Miye. Na mudomo yangu."

Mamie aliuondoa mkono wake. Akamvua dada yake kitambaa cheusi kichwani, bila kumvuta nywele, taratibu, kama anavyovuliwa mtoto anayetaka kulala, akakikunja mara mbili akakiweka juu ya jeneza.

"Toka kwa mukeka," alisema. "Huku kuko batu ba familia. Enda ukae kule kwa viti."

Augustine alinyanyuka, akavuka nafasi ile wazi mbele ya watu wote. Hakuna aliyemzomea. Ingekuwa afadhali. Alipofika kwenye safu ya mbele, Jean-Paul aliondoa mfuko wake juu ya kiti cha pembeni ili apate pa kukaa.